Jiko Lisilo na Moshi

Kambarage, Shinyanga
4 Agosti 2024

Mwanangu Nkwabi,

Hujambo, na kazi inaendeleaje huko Geita? Mimi mzima, goti tu ndilo linanisumbua. Bibi yako nilimwona Songwa Jumatano. Anakula, anatembea, na anauliza kwa nini mtu aliye Geita miezi miwili hafiki kumsalimu.

Uliniomba niitazame tamthilia yenu uliyoiandika na kukuambia ukweli kama mwandishi wa habari, si kama shangazi. Nimetazama sehemu zote nne za *Duara la Saba*. Zimenichefua.

Nianze na madogo. Kwa nini kila kitu kiko gizani? Geita ina jua. Kwa nini wachimbaji wananong'ona? Nimeingia machimboni miaka thelathini na sijakutana na mchimbaji anayenong'ona. Karasha zinazosaga mawe hazimpi nafasi. Sehemu ya pili niliitazama kwenye kibanda cha video pale Maganzo. Mhusika wenu alipoukodolea ukuta macho dakika mbili nzima, dalali mmoja wa almasi, Mwigulu, akamwuliza: "Kaka, ukuta umekukosea nini?" Herman, mwongozaji wenu, nilimsikia redioni akisema ameifikia roho ya Kanda ya Ziwa. Ameifikia akiwa hotelini.

Sasa kubwa. Yule ajuza mwenye macho mekundu, anayempa mwenye duara, shimo la dhahabu, dawa ili mtu afe na dhahabu itoke, umemvika kilemba cha buluu cha mama yangu. Umempa mguu wake wa kushoto anaouburuta. Umempa hata usemi wake, "Aliyeshiba hanisalimu." Nimeandika habari za vikongwe waliokatwa mapanga mkoani hapa kwa sababu ya macho kama hayo. Nilifika majumbani mwao kabla damu haijakauka. Unajua, maana ulikuwa ukizisoma nilizoandika.

Mwondoe.

Shangazi yako,
Melania

—

Geita
7 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo.

Natumaini goti limepata nafuu. Mimi mzima, vumbi tu na mafua.

Umetuchapa sawasawa, nami nimecheka hapo kwenye ukuta. Lakini kuhusu ajuza, naomba unielewe. Si Bibi. Ni mfano wa hofu ya jamii. Mtazamaji wa leo anajua kutofautisha igizo na maisha. Huyo mama ndiye anayependwa kuliko wote. Watu wanatumiana picha zake kwenye simu. Siwezi kumwondoa, hadithi yote inamzunguka. Tarehe 28 tunapiga picha za sehemu ya saba, wanakijiji wanapomwendea na mapanga. Herman anasema hiyo ndiyo itakayotupeleka kwenye tuzo za nje.

Tena Bibi hana hata televisheni. Atajuaje?

Msalimie sana. Nikipata nafasi nitafika.

Mwanao,
Nkwabi

—

Kambarage
18 Agosti 2024

Nkwabi,

Shikamoo yako nimeiona. Nitaiitikia siku nyingine. Afya sitakuuliza.

Nakupa mambo kama yalivyotokea. Jumamosi ya tarehe 10, watoto kisimani Songwa walimwita bibi yako kwa jina la ajuza wenu. Jumatatu mtoto wa Rebeka, jirani yake, alishikwa na homa. Rebeka, ambaye kila siku humwomba chumvi, alipita mlangoni bila kusalimia. Alhamisi asubuhi bibi yako alikuta mistari mitatu ya mkaa kwenye mlango wake. Unaijua mistari hiyo. Mliichora mlangoni kwa ajuza katika sehemu ya nne.

Yeye hana televisheni. Majirani wana simu.

Nilikwenda siku hiyohiyo. Stanslaus, mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji, alinipokea vizuri, akaniambia, "Mama, huo ni utoto tu wa vijana." Kisha akatazama chini: "Ila mchukue."

Nimemchukua. Ameacha kuku kumi na moja na shamba la viazi. Anataka kurudi kwake. Wewe ndiye uliyemfungia njia.

Melania

—

Kambarage
25 Agosti 2024

Nkwabi,

Wiki nzima hujajibu. Bibi yako yuko salama. Halali vizuri, anasema nyumba yangu haina harufu.

Jana alitaka kuona "kazi ya mjukuu". Nilikataa, akasema hakuniomba ruhusa. Tukatazama sehemu ya tano. Alipomwona ajuza na kilemba chake alisogeza kiti karibu. Kisha akauliza:

"Huyu mama anapikia nini?"

Nikamwambia mkaa. Jiko safi, limewekwa pembeni.

"Basi macho yake yamekuwaje mekundu? Anayepikia mkaa hana macho haya. Macho haya ni ya moshi wa mavi ya ng'ombe. Nkwabi anajua. Alikuwa ananiokotea, nikawasha moto wa uji wake."

Nimesoma wahakiki wengi maishani mwangu. Hakuna aliyeona hilo, hata mimi. Mmemwachia macho na kumnyang'anya moshi. Mtu akiona macho mekundu pasipo moshi, atatafuta sababu nyingine, na sababu hiyo mmemwandikia ninyi.

Melania

—

Geita
29 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo.

Sijui nianzeje, basi nitakueleza kama wewe.

Jana kabla ya kupiga picha niliomba jiko la mafiga na mavi makavu ya ng'ombe. Vijana wa hapa waliyaleta kwa dakika kumi. Moshi ukajaa chumbani, mwigizaji akatokwa machozi ya kweli, wenyeji wote wakaelewa. Herman akasimamisha kazi. "Toeni hiyo kitu," alisema. "Moshi unaharibu picha. Macho hayaonekani."

Nikamwambia moshi huo ndio sababu ya macho hayo. Akaniambia mimi ni mwandishi, nikakae kwenye kiti. Jiko likatolewa. Nikaondoka nalo. Sehemu ya mapanga wameipiga picha bila mimi, na jina langu litabaki pale. Mkataba unasema hivyo.

Nakuja Jumanne. Niambie nimletee nini Bibi.

Mwanao,
Nkwabi

—

Kambarage
1 Septemba 2024

Mwanangu Nkwabi,

Marahaba. Na ile ya tarehe saba, marahaba.

Sisi wazima. Usilete kitu. Usije Kambarage kwanza, shuka Songwa, tutakukuta huko na bibi yako. Nimezungumza na Stanslaus. Atawaita watu saa nne asubuhi, na Rebeka amesema atakuja. Utawaeleza wewe mwenyewe ajuza yule ulimtoa wapi, na macho yale yalitoka wapi.

Mistari ya mkaa bado iko mlangoni. Nilitaka kuifuta, bibi yako akanizuia. Ndoo na kitambaa ataviweka kizingitini.

Shangazi yako,
Melania