Mama wa Chai Aliyekuwa Kando ya Picha

Migosi, Jumatatu jioni

Joto la leo limetunyima raha. Tangu adhuhuri mawingu yamejikusanya upande wa ziwa, yakanguruma sana, kisha yakaenda zao bila kutuachia hata tone. Nimefunga madirisha kwa sababu ya wale vijidudu wa ziwani wanaoingia kama moshi, lakini wachache wameniwahi. Wameganda kwenye kioo cha televisheni, palipo na mwanga.

Nami nimeketi mbele ya kioo hicho nimechanganyikiwa.

Nimesoma vitabu vingi maishani, na nimefundisha watoto wa watu kusoma. Sikutarajia kwamba uzeeni ningeshindwa kuelewa kitu kiitwacho umbo la picha.

Kila Jumapili alasiri mimi na Jirani hutazama filamu moja. Yeye yuko kule milimani nilikofukuzwa wakati wa ghasia, mimi niko huku chini kwenye joto. Tunaianza pamoja, kila mtu nyumbani kwake, na ikiisha ananipigia simu tuijadili. Zamani tulitenganishwa na ua wa miiba ya kayaba tu. Lugha ya mama yake siijui, na yangu haijui. Kiswahili ndicho tulichoombania chumvi na kukemeana watoto. Nadhani ndiyo maana hata shajara hii naiandika kwa Kiswahili, ingawa dirishani kwangu hapa husikii ila Dholuo.

Majuma mawili yaliyopita tulitazama filamu ya fundi cherehani mzee anayefunga duka lake. Mwishoni anabana kufuli, anatia ufunguo mfukoni, anaondoka. Nilimwambia Jirani kwamba kilichoniuma ni kuwa hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kumuaga.

"Aka! Na yule mama wa chai?"

"Mama gani wa chai?"

"Si huyo amesimama hapo kando na thamosi yake! Anamwangalia mzee mpaka anapotea. Mimi nimelia, na wewe unaniuliza mama gani."

"Jirani, hapo kando kuna ukuta."

"Mama Akinyi, miwani umeiacha sokoni Otonglo?"

"Na wewe unatazama kwa simu ndogo kama kipande cha sabuni, picha yote ukungu. Umeona doa, ukalishikisha thamosi."

Tulicheka. Kisha nikagundua kwamba ninacheka peke yangu.

"Wewe ni hivyo tu," akasema. "Hata mimi hukuniona."

Akakata simu.

Niliyajua maneno hayo yalikotoka. Asubuhi ile tulipoondoka kule, lori lilikuja kutuchukua na vitu vilivyosalia. Nilikaa nyuma, chini ya turubai, na watoto wawili mapajani. Turubai lilikuwa limeinuliwa upande mmoja, na kupitia uwazi ule niliiangalia nyumba yangu mpaka tulipokata kona. Naikumbuka picha ile kwa usahihi unaonitisha: geti lililolegea bawaba, mbwa ameketi njiani kama anayesubiri chakula, beseni la buluu limepinduka. Hakuna mtu.

Jirani amekuwa akisema miaka yote hii kwamba alikuja. Kwamba alisimama karibu na tangi la maji, akaogopa kusogea zaidi kwa sababu ya vijana waliokuwa barabarani. Sijawahi kumwita mwongo. Nimekuwa nikimjibu "sawa," kwa ile sauti tunayomjibia mtoto anayesema ameona jini chooni. Naye si mtoto. Sauti ile ameisikia kila mara.

Jumapili iliyofuata simu haikulia. Wala jana.

Sina rafiki mwingine aliyeniona nikiwa kijana. Nikimpoteza huyu, sehemu ile ya maisha yangu itabaki bila shahidi.

Basi nilianza kumtafuta mama wa chai. Nilimpigia binti yangu Akinyi kazini, kwenye duka la dawa, nikamuuliza namna ya kuifanya picha ionekane vizuri zaidi. Akanieleza haraka haraka, huku akimhesabia mtu vidonge: picha ni nukta, nukta zikiwa nyingi unaona vitu vidogo, ingia kwenye mipangilio, toa 480, weka 1080. Nikaweka. Bando la wiki nzima liliyeyuka kama siagi juani, lakini sijawahi kuona picha safi namna ile. Nyufa za rangi kwenye ukuta wa duka niliziona. Msumari niliuona, na kivuli cha msumari.

Mama wa chai hakuwepo.

Nitasema ukweli hapa, kwa kuwa pa kuusema pengine sina. Nilifurahi. Nilifurahi kuwa sahihi, na furaha ile ikanifikisha mbali zaidi ya filamu, hadi kwenye tangi la maji.

Leo asubuhi ni jambo jingine kabisa lililonikera. Maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya filamu hukatwa miguu kwenye televisheni yangu. Kwa miezi mingi nimekuwa nikisoma vichwa vya herufi na kukisia mengine, kama nilivyokuwa nikisoma miandiko ya darasa la tatu. Nikasema leo iwe mwisho. Niliirudisha filamu ya fundi kwenye sehemu ya mwisho, nikachukua rimoti, nikaanza kubonyeza kitufe kimoja baada ya kingine. Kimoja kilinipeleka kwenye Kichina. Kingine kikamfanya fundi cherehani awe mnene kama gunia la mahindi. Kingine tena, picha ikasinyaa, mistari miwili myeusi ikatokea, mmoja juu na mwingine chini, na maandishi yakapata miguu.

Na upande wa kushoto, pale ulipokuwa mwisho wa ukuta, alikuwa amesimama mwanamke mwenye thamosi nyekundu.

Niliketi.

Nilimpigia Akinyi tena. Safari hii alikuwa na nafasi, akacheka.

"Mama, si wewe ulilalamika kwamba ile mistari myeusi inafanya filamu iwe kama tangazo la kifo gazetini? Nikakujazia kioo."

"Sasa kujaza kunapunguzaje?"

"Filamu ni pana kuliko kioo chako. Ukiivuta ijae juu na chini, pande zinatoka nje."

"Zinaenda wapi?"

"Haziendi popote, Mama. Ziko tu. Wewe ndiye huzioni."

"Na zile nukta zote nilizolipia bando?"

"Zile ni za kuona vizuri kilichomo. Hazikuongezei upana."

Nimeyaandika maneno yake nyuma ya bahasha na kuyasoma mara kadhaa, na bado yananiteleza. Nilidhani kuona vizuri na kuona kote ni kitu kimoja. Jirani, na simu yake ya sabuni na ukungu wake, aliona mtu. Mimi, na msumari wangu na kivuli chake, niliona ukuta.

Nimewaza kutwa nzima kuhusu uwazi wa turubai. Geti lilikuwamo. Mbwa alikuwamo, na beseni. Jiko lilikuwa upande wa kushoto, nami jiko sikumbuki kuliona asubuhi ile. Kwa nini sijawahi kujiuliza jiko lilikuwa wapi?

Jua lilipotua nilipiga simu. Iliita sana. Nilikuwa karibu kukata alipopokea.

"Nani?" akauliza, kana kwamba hanijui.

"Jirani. Siku ile, ulisimama wapi hasa?"

Nilisikia kuku wake wakigombea pa kulala.

"Nimekuambia miaka yote. Penye tangi."

"La upande wa jikoni?"

"Kwani mlikuwa na matangi mangapi? Mlikuwa matajiri?"

"Ulikuwa umeshika kitu?"

"Blanketi. Ile ya kijani. Nilijua hao watoto watasikia baridi hapo nyuma ya lori."

Hilo hakuwahi kuniambia. Au labda aliniambia nami nikasema "sawa."

"Ukaifanyia nini?"

"Ningeifanyia nini? Nilirudi nayo nikajifunika. Kulikuwa na baridi, Mama Akinyi."

Tulicheka, safari hii wote wawili, na mimi nikawa nacheka huku nimeshika ukuta. Kisha nikamwambia kwamba mama wa chai yupo.

"Ana thamosi?"

"Anayo. Nyekundu."

"Kumbe sabuni inaona," akasema. Akakohoa kidogo. "Sasa ulikuwa unabishana na nini?"

Tukaagana. Nimefumba macho na kujaribu kulisukuma lile turubai kidogo upande wa kushoto. Halisogei. Geti, mbwa, beseni, basi. Tangi silioni, na mtu karibu na tangi simwoni, na kumbukumbu haina rimoti. Itanibidi nimwamini bila kumwona, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo kama ningekuwa na akili ninayojidai kuwa nayo.

Lakini baridi ya asubuhi ile naikumbuka. Kilichobadilika leo ni kwamba ndani ya baridi ile kuna blanketi.

Vijidudu wa ziwani bado wako kwenye kioo. Nitawafuta asubuhi. Filamu ya Jumapili atachagua Jirani, na ile mistari myeusi nitaiacha ikae.