Kable ya Mkono wa Mashine

Lubumbashi

Yaya Kabange, mkubwa wangu,

Nakusalimu wewe na nyumba nzima hapo Pweto. Kifua cha mama kimetulia? Upepo wa ziwa haumsumbui tena asubuhi? Mimi niko mzima, ila bukari ya mahindi bila samaki wako haishuki kooni vizuri.

Uliniambia kwenye simu nirudi, kwa sababu kazi ya hapa inanikondesha. Sirudi, yaya. Nisikilize kwanza.

Unajua mimi huchora mashine kwenye kompyuta kabla mafundi hawajazijenga. Hii mpya ina mkono wa chuma unaoinua mabamba ya shaba, na kable ya umeme inapita juu ya mkono huo mpaka kwenye koleo linaloshika bamba. Mchoro niliukuta tayari, aliyeuchora amehama. Siku ya majaribio mkono uliinuka, kable ikavutika, ikabanwa kwenye kiungo, ikakatika. Koleo likaachia. Bamba lilianguka karibu kabisa na mguu wa Kasongo, fundi wetu wa kuchomelea, baba wa mapacha.

Chef wa karakana akaniita. "Ngoie, funga tu ile kable nguvu, isitembee. Bakubwa ba mine, benye mugodi, banakuya kuiona."

"Hapana, chef. Tukiifunga nguvu, mukono ikiinuka itakatika tena. Inaomba nafasi ya kutembea."

"Na kama unakosea?"

"Basi, mutanifukuza. Lakini Kasongo hawezi kusimama pale na iyi kable."

Bado niko kwenye miezi ya kujaribiwa, yaya. Chef akaniachia niichore upya.

Shida ni kwamba kable huchorwa mkono ukiwa umelala, na hapo inapendeza. Ukiuinua kwenye kompyuta, kable inabaki imekauka kama fimbo, au inapenya katikati ya chuma. Nikauchora mkono ukiwa chini, ukiwa katikati, ukiwa juu. Urefu uleule wa kable ulipaswa kutosha kote, bila kukazwa, bila kuning'inia. Nikaipitisha karibu na kiungo, mahali ambapo mwendo ni mdogo, nikaiachia kitanzi kipana. Ikakataa. Nikafuta, nikaanza upya, ikakataa tena. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kukaa mpaka ikakubali.

Jana tulijaribu. Mkono uliinuka, kitanzi kikafunguka, ukashuka, kikajikunja. Asubuhi yote ikawa hivyo, na bamba halikuteleza. Kasongo alikuwa ameukodolea macho mkono ule. Mwishowe akaugeuzia mgongo, akashusha kinyago chake, akaendelea kuchomelea.

Chef hakunisifu. Alisema tu, "Mashine ya pili utaichora weye, toka mwanzo."

Nimeshaianza.

Msalimie mama, shemeji, na shangazi anayekusaidia kuanika samaki. Wabusu watoto. Noeli nitafika na mfuko mmoja tu, maana nitakuwa na kazi inayoningoja huku.

Mdogo wako anayekupenda,
Ngoie