Kwako Baba Onja, Uliyetibu Homa za Wote Ukaificha Yako

Ni mwaka mmoja sasa, baba watoto, tangu uvue mabuti yako ya mpira mlangoni ukaingia kulala, na hukuyavaa tena. Bado yako pale pale. Nayafuta, nayageuza, nayarudisha. Mikono yangu haikubali kukaa bure mawingu yakijikusanya, na mwezi huu yamejikusanya tena.

Mto ulipovunja kingo, zahanati yenu ilihamia shule ya msingi kule mlimani. Madawati yalitolewa nje, wagonjwa wa kuhara wakalazwa darasani chini ya ubao wenye hesabu ambazo hakuna aliyezifuta. Ulikoroga maji ya chumvi na sukari kwenye ndoo, wala hukumpa mtoto wa mtu kabla hujayaonja mwenyewe. "Onja," ulimwambia kila mama uliyemfundisha. "Chumvi isizidi ya machozi. Ikizidi, mwaga uanze upya." Ndipo wakakuita Baba Onja, na jina likakufuata mpaka nyumbani.

Nyumbani nako hatukupona. Kila ndoo uliitia dawa ya maji, hata ya chai. Shemeji yangu, mdogo wako, alinusa kikombe akasema, "Kaka, hii ni ya kunywa au ya kufulia?" Ukamjibu bila kuinua macho, "Kunywa tu, hata tumbo lako lina madoa." Siku hizi dawa hiyo naitia mimi. Shemeji anakunywa kikombe chote.

Uliporudi mara ya mwisho ulikuwa unatetemeka. Wagonjwa wako uliwaambia, ukikanyaga maji ya mafuriko ukapata homa, usingoje kesho, njoo upimwe. Nilikukumbusha. Ukasema, "Ni uchovu tu, mke wangu. Nikilazwa mimi, zamu yangu atashika nani?" Mganga hajigangi. Macho yalipogeuka manjano, shemeji akakubeba hadi hospitali, na daktari akasema ni ile homa ya maji machafu, tena tumechelewa. Mwenyezi Mungu hakosei. Nalisema hilo katika kila sala, huku sikio liko kwenye bati nikisikiliza mvua.

Mto umevunja kingo tena, mume wangu, na zahanati imerudi kule shuleni. Binti yetu, muuguzi kama wewe, alikuja kuniaga, mkoba begani. Nilisimama mlangoni.

"Mwanangu, nyumba hii imekwisha kutoa mtu."

"Mama, baba angebaki?"

"Asingebaki. Na ndiyo maana hayupo."

Akajaribu mabuti yako, yakampwaya, akayarudisha taratibu. Sikuweza kumzuia. Nikamwambia, "Nenda na baraka zangu. Lakini uape hapa. Homa ikikugusa, hata ndogo, utamwambia mkubwa wa zamu siku hiyo hiyo. Usiniletee habari za uchovu. Neno hilo silitaki tena katika nyumba hii." Akaapa.

Tangu hapo sikai. Nafagia nusu ya uwanja, naacha ufagio, naangalia simu. Mama yako ananitazama tu. "Mkaza mwanangu, kaa chini, utachimba mtaro humu ndani." Nakaa, kisha nasimama.

Juzi simu ikalia. "Mama, nina homa." Nilishika ukuta. Akaendelea haraka, kama anayejua nilivyo: "Nimeshasema, mama. Wamenipima, ni ile ile ya baba, ila wameiwahi. Nimelazwa darasani na wagonjwa wangu, dawa nakunywa. Wananicheka kwamba leo zamu ya kuonja ni yangu."

Nikamuuliza, "Na zamu yako je?"

"Imeshikwa, mama. Kumbe hushikwa."

Nililia hapo, baba watoto, na nilikulilia wewe. Leo asubuhi amepiga tena: joto limeshuka, na ameomba uji. Nimemshukuru Mungu, nikaenda kuyafuta mabuti yako, na kwa mara ya kwanza nikaketi nikatulia.

Unakumbukwa na mimi mkeo. Na mama yako mzazi. Na mdogo wako, ambaye chai yenye dawa haachi kuinywa. Na binti yako, anayekukumbuka akiwa kitandani kule darasani, chini ya ubao. Na akina mama uliowafundisha kukoroga, ambao bado wanaonja kwanza.

Mungu akupe pumziko ulilojinyima. Tutakukumbuka daima, na homa hatutaificha.