Tangi Tupu

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Leo ilikuwa siku ya kikao cha mahari ya Mignonne, kitinda mimba wangu. Wageni walifika saa nane kamili na kreti zao za vinywaji, wakajaza sebule hadi korido. Kwetu Butembo — naandika nisije nikasahau kwa nini nilifanya nilichofanya — katika ukoo wetu hatuwaulizi wageni wamefuata nini kabla kaka mkubwa wa binti hajaketi. Kaka mkubwa ni Crispin. Crispin alikuwa kazini, na lori lake la petroli.

Saa tisa, bado. Mdogo wangu Bienaimé akawaambia watu labda kaka mkubwa anatuletea petroli ya kupikia sombe. Wageni walicheka kwa adabu. Mimi nilitoka jikoni, nikampigia. Hakupokea. Nikapiga tena. Hakupokea. Mara ya tatu alipokea, nikamwambia anatuaibisha, afanye haraka. Akaitika, ndiyo papa, ndiyo papa. Kisha nikasikia king'ora, na simu ikakatika.

Alifika saa kumi na mbili. Wageni walishaondoka. Kreti wameziacha, hazijafunguliwa.

Jumapili, 14 Septemba

Baada ya ibada Crispin alinieleza yote, tukiwa wawili tu.

Alikuwa ameshusha petroli kwenye kituo kimoja kule Etterbeek, upande wa pili wa jiji, analirudisha lori kwenye maegesho ya kampuni kando ya mfereji. Foleni kila mahali. Akaamua kukata kupitia handaki ambalo magari ya mizigo hatari yamekatazwa. Kabla ya kuingia alisimama, akavikunja vile vibao vya rangi ya chungwa vinavyoonya kwamba lori lina mzigo hatari, cha mbele na cha nyuma. Alipotokea upande wa pili, polisi wa pikipiki alimwona ana simu sikioni. Alimsimamisha kwa ajili ya simu. Vibao aliviona baadaye, akauliza tangi lina nini. Crispin akajibu: tupu.

Tupu! Nilifundisha kemia miaka thelathini na moja. Petroli yenyewe ikiwa majimaji haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Tangi lililojaa halina nafasi kubwa ya mvuke. Tangi lililotoka kumwagwa, likiwa halijasafishwa, limejaa mvuke huo tele. Ndiyo maana sheria inalihesabu kana kwamba bado lina mzigo: vibao vinabaki wazi, handaki linabaki marufuku.

Crispin anajua. Alipojiandaa kwa mtihani wa ADR — ndicho cheti cha kuendeshea mizigo hatari — tulikaa kwenye meza hii hii nikamchorea tangi kwa kalamu nyekundu. Swali hilo lilitoka. Alilipata.

Jumatano, 17 Septemba

Laetitia, mke wa Crispin, alikuja akiwa bado na sare yake ya kazi ya kutunza wazee. Anauliza kwa nini mambo yamekuwa makubwa hivi. Mwenzake Crispin, anayebeba mboga, alikamatwa na simu mwaka jana. Alilipa faini, basi.

Nilimweleza taratibu. Mwenye mboga akiingia handaki lililokatazwa anaweza kusema hakuona alama, na pengine hakuona kweli. Crispin ana kadi ya ADR yenye picha yake, inayothibitisha kwamba alifundishwa na akaelewa. Ile kadi iliyompandisha kazi ndiyo inayomfungia mlango wa kusema "sikujua". Na vibao havikujikunja. Mtu akiyatazama makosa hayo matatu pamoja, haoni uzembe. Anaona mtu aliyejificha.

Alinisikiliza hadi mwisho. Laetitia ana subira kuliko wanangu wote. Kisha akasema, "Alors papa, bora hangesoma?"

Nilimmiminia chai.

Bosi amemwondoa Crispin kwenye matangi. Sasa anapeleka karatasi za chooni madukani mpaka kesi iishe. Hakimu akimnyang'anya leseni, hata kwa miezi michache, kazi imekwisha: wamemwandikia hivyo. Watoto wawili, na wa tatu njiani.

Alhamisi, 15 Januari 2026

Wito umefika. Mahakama ya polisi, ndiyo ya makosa ya barabarani, tarehe 19 Machi. Laetitia ameiweka barua chini ya sufuria, kana kwamba itapeperuka.

Hakuna anayeniambia kwamba aliyepiga simu ile ni mimi. Hakuna hata mmoja. Afadhali wangeniambia.

Jumapili, 15 Machi

Siku mbaya.

Nilimwambia Crispin nitakwenda naye mahakamani, nimweleze hakimu kwamba mimi ndiye niliyepiga simu mara tatu, na sababu yake. Crispin akamtazama Bienaimé. Bienaimé akakitazama kikombe chake. Nikajua kuna jambo.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ile ile, mchana, polisi bado wakiandika, Crispin alimpigia Madame Nathalie, mshauri wa usalama wa kampuni. Kampuni za mizigo hatari huwa na mtu wa kazi hiyo. Madame akauliza kulikoni. Crispin, kwa hofu, akasema mimi baba yake nimeanguka nyumbani, moyo, na kwamba yeye anaitwa haraka. Madame akaamini. Ni yeye aliyemsihi bosi asimfukuze. Ameandika barua kwa hakimu, na siku ya kesi atakuja mwenyewe.

"Papa, nilishawaambia ulianguka. Mugonjwa wa roho. Hauna kusema kitu, ukae tu."

Nikasema miezi sita nimekuwa mgonjwa bila kuambiwa. Bienaimé akaona hapo pa kuingilia: "Mwalimu, hakuna muntu anakuomba uongo. Tunakuomba kimya."

Nilisema kimya cha namna hiyo nacho ni jibu. Nilisema ukweli wetu si aibu: mwana aliitwa na baba, akaitika. Crispin alicheka, kicheko kibaya. "Juu ya mahari, papa? Juge ataniona mutoto." Ana miaka thelathini na tisa.

Nimewapa sifuri wanafunzi wangapi kwa kunakili? Na ni mimi nilimwambia afanye haraka.

Jumatano, 18 Machi

Nimeamua. Kabla ya kuingia, nitamwambia yule madame peke yake. Si haki aingie mbele ya hakimu akiwa na uongo wetu mdomoni bila kujua. Akishajua, aamue mwenyewe. Nimetunga sentensi mbili kwa Kifaransa. Nimezisoma mbele ya kioo. Ya pili niliirudia mara nne.

Crispin sijamwambia.

Alhamisi, 19 Machi

Korido ya mahakama. Kuna kesi mbili kabla ya yetu. Naandika haraka.

Madame Nathalie nilikuwa sijamwona. Mwanamke wa miaka hamsini hivi, koti la mvua, faili kifuani. Alikuja moja kwa moja kwangu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili kabla sijainuka.

"Et le cœur, papa? Ça va mieux?" Aliuliza moyo, kama nimepata nafuu.

Nami nikajibu kwamba ndiyo, "Ça va mieux, madame. Merci."

Namna hiyo hiyo! Kama mtu anavyoitikia salamu. Maisha yangu yote, mtu akiniuliza hali, nimejibu nzuri, hata wiki tuliyokimbia Butembo. Neno lilitoka lenyewe, na lilipokwisha kutoka nikaona limekaa katikati yetu.

Akaketi karibu yangu. Akasimulia kwamba baba yake naye alikuwa dereva, alianguka nyumbani peke yake, na watoto hawakupigiwa simu ila siku ya pili. Kwa hiyo anamwelewa Crispin, akasema. Atamweleza hakimu hivyo hivyo, na kwamba yeye mwenyewe ameniona leo, jinsi nilivyodhoofika.

Crispin amesimama ukutani. Anatazama sakafu. Jasho linamtoka shingoni, na humu ndani ni baridi.

Nilifungua mdomo. Nilianza, "Madame—" Akaniambia nisichoke, nipumzike, atanitafutia maji.

Sasa anarudi na kikombe cha karatasi. Anatembea taratibu, asimwage. Mlango umefunguliwa. Karani anasoma jina letu.