Alama Isiyorithiwa

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini u mzima na kifua kimeacha kukubana. Mama hajambo, ila analalamika kwamba umemsusa. Mimi nipo, mwili mzima, roho ndiyo iko juu juu. Nakuandikia kwa sababu kwa simu ningelia tu.

Unajua ofisi yetu hutengeneza programu za kuendesha mashine za viwandani. Sehemu ya programu yenye hatari tunaibandika alama yenye amri: kifuniko kikifunguliwa, mashine isimame. Na alama nayo hubandikwa alama zake, za kusema ikae wapi, idumu hadi lini, na kama watoto watairithi. Maana programu nazo huzaa, usicheke. Programu ya mashine kubwa ya kukandia unga ni mtoto wa ile ya mashine ndogo. Mtoto hurithi kazi za mzazi, lakini alama hairithiwi mpaka juu ya alama yenyewe pawekwe nyingine isemayo irithiwe.

Juzi niliitafuta hiyo alama ya pili. Haikuwapo. Mashine ndogo tuliijaribu, ikasimama, tukapongezana. Kubwa, ambayo ndiyo iliyoko kiwandani kwenu, hakuna aliyeijaribu. Nikakufikiria wewe, kwa kuwa Mama alishanisimulia unavyoingiza mikono hadi mabegani kukwangua unga kwenye mapanga ya mashine hiyo.

Nilimkimbilia mkuu wetu. Akasema nisipige kelele, tutarekebisha kimya kimya wiki ijayo, wateja wasijue. Nikamwuliza, na wiki hii je? Akaniambia nirudi kwenye kiti changu.

Mdogo wangu, yule mwanamke mnayemlaani, aliyepiga simu kiwandani mkarudishwa nyumbani zamu nzima, ni mimi. Fundi umeme wenu alidhani nina wazimu. Hata hivyo alifungua kifuniko, akaingiza mpini wa ufagio, akabonyeza kitufe. Baadaye alinipigia: “Dada, haikusimama. Mpini umevunjika kama njiti ya kiberiti.”

Mashine imezimwa mpaka alama irekebishwe. Mkuu ameniita kesho asubuhi, na sijui kama nitatoka na kazi. Naogopa, sikufichi. Lakini nikifumba macho, ninachokiona ni ule mpini.

Wasalimie wenzako wa zamu, uwaombe radhi kwa niaba yangu. Nawe nikasirikie upendavyo, mradi mikono yote miwili unayo.

Dada yako akupendaye,
Bi Wasiwasi