Kwelea Asiye na Jicho

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nimeandika salamu hii nikijua hutaniitikia, lakini mdomo haujazoea kuanza vinginevyo nikiongea nawe.

Wakati ule kiharusi kilipokulegeza mkono wa kulia, niliomba ruhusa shuleni Chamwino ninakofundisha, nikarudi nyumbani Makutupora. Mtaalamu wa mazoezi alikupa mpira uuminye. Ukautupa uani. "Mimi si mtoto," ulisema, ukageukia ukutani. Nikakuletea rangi zangu za maji.

"Tuchore nini, Baba?"

"Kwelea."

Nilishangaa. Kila msimu ndege hao walimaliza uwele wako, nawe ulishinda shambani ukiwapigia makopo na kuwatukana kwa Kigogo.

"Nimemfukuza maisha yangu yote," ukaniambia. "Sijawahi kumtazama."

Tukamchora pale barazani. Ulishika brashi, mkono wa kushoto ukiushikilia wa kulia. Kifua ulikipaka rangi ya majani makavu, mdomo mwekundu. Siku ulipomwaga maji karatasi nzima ikalowa, ulilia mbele yangu kwa mara ya kwanza. "Mkono huu ndio uliopanda mizabibu yote ile, mwanangu." Nilichukua karatasi nyingine, nawe ukaanza upya.

Huyo wa pili alitoka vizuri. Mabawa uliyachora mwenyewe kwa wino, mistari ikitetemeka kama manyoya ya kweli. Likabaki jicho. Ulitaka kuliweka papo hapo, nikakuzuia: "Rangi bado mbichi, wino utasambaa. Tutaliweka kesho."

Alfajiri mama aliniita kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Kiharusi kilikuwa kimerudi. Hukuamka tena.

Baada ya matanga, waombolezaji walipokwisha kuondoka, mama aliiona ile karatasi kabatini.

"Mbona hana jicho?"

Nikamweleza. Akasema, "Mwekee, mama. Asibaki hivyo."

Sikuweza. Wiki zilipita, zabibu zikavunwa na majirani waliotuonea huruma. Jana ndipo nilipofungua wino. Nilichovya kalamu, nikagusa karatasi mara moja tu. Jicho likatoka kubwa mno, ndege akawa kama aliyeshtuliwa usingizini.

Bila kufikiri nikageuza karatasi upande uliozoea kukaa, nikuoneshe. Mama akanishika bega, nikalia mpaka nikachoka.

Lala salama, Baba yangu.

Ni mimi, kitindamimba wako.