Bwana wa Kwanza Amekataa

Boga, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Kwako koko Athanase,

Jambo sana. Magoti inaendelea namna gani? Ile dawa ya kupakaa nilikutumia, unaipakaa weye mwenyewe ao umewapatia watu wa orchestre? Miye niko salama. Hapa hospitali wagonjwa wa malaria ni wengi, lakini siku inapita.

Koko, habari iko moja tu. Élisée, ule mwalimu nilikuambia, mwenye anapigaka piano mu kanisa, anataka kuleta dot, mahari ya kunioa. Kwa vile baba alishakufa, neno ni yako, weye babu yangu. Muzee Hippolyte, baba ya Élisée, anaomba barua yako ya kukubali, asomee jamaa yake mbele ya kufika Bunia. Ni muzee wa ng'ombe na wa kanisa, hasemake mingi. Andika mistari mbili tu, koko. Mbili.

Mama Marie-Claire, mwenye anauzishaka maharagi, atarudi na jibu yako. Réseau ya simu huku unaijua.

Bibi yako,
Patience

*

Bunia, Mudzipela, tarehe 9 mwezi wa tatu

Bibi yangu Patience,

Ninakuamkia, weye na hewa yenye unavuta. Umeuliza magoti. Iko fasi yake, moja ku kila muguu. Dawa nilipakaa, kisha Honoré wa gitare akapakaa, kisha tukapakaa shingo ya gitare yangu ya basse, na njo ile shingo ilipona ya kwanza.

Unaomba mistari mbili. Mutu mwenye aliachia masomo mu quatrième primaire, darasa la ine, hawezi kuandika fupi. Kuandika fupi ni kazi ya watu wa diplôme. Vumilia.

Les Tôles Rouillées, orchestre yetu ya Mabati ya Kutu, tuko hai. Kila siku ya posho, jumamosi, tunafanya répétition, mazoezi yetu, nyuma ya duka ya Honoré. Courant ya umeme ikikuja tunapiga na ampli, ikienda tunapiga na mudomo. Mudzipela wanapenda rumba na nyimbo ya kanisa. Siye tunawapatia rock, nao wanapita mbio na besani ku kichwa sawa mvua imeanza. Juzi tulipiga mu ndoa moja. Mama ya bibi-arusi akakuja ku sikio yangu: "Papa, ampli imeharibika?" Nikamuambia hapana mama, ile ni Honoré.

Nikufundishe kitu, juu uko ku usiku wa zamu na hauna kitu ingine ya kusoma. Mu rumba, basse inatembea sawa mwanamuke mwenye amevaa pagne mupya ya kitenge: hatua mbili, kisha anageuka aone kama unamuangalia. Mu rock, basse ni muchungaji. Anakuja nyuma ya wote, note moja, fimbo moja, na ng'ombe zote zinafika ku maji. Hakuna mutu anapiga makofi kwa muchungaji. Vijana wa leo wanasikia muziki ku simu, na ile kasauti ya simu ni kadogo sawa jino ya panya, basse haipite pale. Wanakomaa bila kujua kama basse inaishi. Maisha yangu yote nimepiga kitu chenye simu haiwezi kusema.

Halafu unaniletea mutu wa piano. Patience, ile mashini ya kinanda ilitufukuza mu makanisa yote. Zamani walikuwa wanaita watu ine: gitare mbili, ngoma za batterie, basse. Sasa wanaita kijana moja na mukono yake ya kushoto. Mukono ya kuume inaimba, ya kushoto inafanya kazi yangu bila kuniuliza. Ngoma iko ndani, tarumbeta iko ndani. Inabakia kuhubiri tu.

Tena weye ni bibi yangu. Siku ulizaliwa nilikubeba, nikasema mbele ya nyanya yako: huyu njo bibi yangu wa pili. Nyanya akajibu: "Muchukue, nipumuzike." Bwana haachake bibi kwa mistari mbili. Basi usomee wale watu wa Boga, na sauti: bwana wake wa kwanza amekataa. Hatamuachilia kwa mutu mwenye anapiga basse na mukono ya kushoto. Kama kijana anamutaka, akuje Mudzipela apige wimbo muzima, ile mukono iko mu mufuko.

Bwana yako wa kwanza,
Athanase

*

Boga, tarehe 17 mwezi wa tatu

Koko,

Salamu. Mwili iko muzima.

Mutoto wa Mudzipela anajua namna inafanyikaka: koko anakataa, watu wanacheka, wanamuletea nkuku, anaachilia, wanakula. Bashangazi yangu wote waliolewa vile. Mu nyumba ya Muzee Hippolyte hawajui ile michezo. Na Mama Marie-Claire aliposikia ni jambo ya dot, hakunipatia barua. Alipeleka moja kwa moja kwa Muzee Hippolyte, juu barua ya muzee inaenda ku muzee.

Nilitoka kazi, nikakuta jamaa yote imekaa. Muzee alivaa miwani, akasoma yote polepole. Alisoma magoti. Alisoma jino ya panya. Hakuna mwenye alicheka. Wakati alifika ku "bwana wake wa kwanza", mama ya Élisée aliangalia chini. Muzee akakunja karatasi, akasema: "Amekataa."

Nikasema, baba, ni michezo, koko anasemaka vile. Akanijibu bila kukasirika: "Mutoto, haiko weye wa kututafsiria muzee. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, hatumupite." Kisha akatoka kuangalia ng'ombe.

Élisée alinifuata mu njia, akaniuliza: "Koko yako ananichukia juu ya piano?" Sikujua kama nicheke ao nilie. Ng'ombe zenye walitenga kwa dot wamezirudisha na zingine.

Nilikuomba mistari mbili.

Patience

*

Bunia, tarehe 22 mwezi wa tatu

Bibi yangu,

Nimekusalimia na kichwa chini. Unakula? Unalala? Umesaini Patience tu, sawa barua ya ofisi, na hata kwa magoti yangu hukuuliza.

Basi mistari mbili yako ni hii, mupatie Muzee:

Nimekubali.
Athanase.

Unaona, naweza. Ilinichukua asubui muzima, na nilipasua karatasi nyingi. Ya kwanza ilikuwa na maneno "kwa uchungu mwingi". Ya pili nilitaka kuomba kengele ya ng'ombe moja kwa orchestre. Honoré alinisimamia ku mugongo sawa mwalimu.

Lakini ule muzee naye. Barua yenye inaanza na magoti ya mupiga basse, mutu anaisoma sawa sheria ya serikali? Niambie kama amekunja uso wakati wa kusoma hii. Nijibu haraka.

Bwana yako wa kwanza,
Athanase

*

Bunia, tarehe 20 mwezi wa ine

Mutoto wangu Patience,

Uko muzima? Miye niko. Mama Marie-Claire amekwenda Boga na kurudi, amekwenda tena na kurudi, na kila mara ni maharagi tu. Nilimuuliza kama uliandika. Akasema ulimusalimia muzuri, na ulikuwa na kazi.

Njo yeye alinipatia neno ya Muzee Hippolyte, kando ya magunia yake: "Karatasi moja ilikataa, karatasi ingine imekubali. Kesho itakuja ya tatu. Nitasikia mudomo."

Nilikasirika mupaka ku mlango, kisha hasira ikaisha. Ana haki. Na miye, mu orchestre yangu, mutu akipiga wimbo moja na tonalité mbili za sauti, ninamuambia aende nyumbani.

Basi ninakuja. Motard wa pikipiki amekubali, anangojea tu wamuambie kama njia iko wazi. Lakini kuna neno moja ya kukuambia, na kwa barua ni mwepesi kuliko mbele yako. Ninaogopa. Haiko juu ya njia. Ninaogopa mudomo yangu. Siku ya posho Honoré alisimamisha répétition, akasema: "Athanase, simama, sema mbele yetu 'Ninamuachilia', kisha nyamaza." Nikasema: "Ninamuachilia, lakini piano ibakie Boga." Akasema rudia. Nikasema: "Ninamuachilia, na Mungu amusaidie kijana." Batteur, mupiga ngoma wetu, akaanguka na kiti. Walinifanyisha mupaka courant ikaenda, na kila mara neno ilitoka na mukia. Honoré akaniangalia sana. "Makumi ya miaka unapiga note moja bila mapambo. Ni mudomo tu inashindwa?"

Nyanya yako alikufa bila miye kumuambia kitu moja chenye hakichekeshe. Alijua neno yenyewe iko ndani ya kicheko. Labda alijua. Weye nilifikiri unajua vilevile.

Usinijibu kama hautaki. Nitafika.

Athanase

*

Bunia, tarehe 8 mwezi wa tano

Patience,

Ninawasalimia wote wa ile nyumba, kuanzia muzee mupaka ku ndama. Nilirudi muzuri. Motard aliniangusha mara moja tu, fasi ya matope laini, na akaniomba musamaha mbele ya kuangalia pikipiki yake.

Ulinipokea, ukanipatia maji ya kuoga, hatukuongea. Kisha ukaenda jikoni na wamama, na mambo ya sebuleni ilikufikia moshi tu. Nikupatie moto yenyewe.

Asubui kwanza nilienda kanisa. Nilikaa nyuma kabisa, tayari kumuchukia kijana. Nilifunga macho, nikatafuta mukono yake ya kushoto peke yake. Sasa, mu ile kanisa yenu wamama wazee wanaburuta wimbo sawa wanabeba kuni mubichi ku mulima. Mupiga piano wa Bunia angewaacha pale, angekuwa amefika ku Amina wao bado ku ubeti wa pili. Élisée alikuwa anawangojea. Ile note ya chini haikuanguka hata mara moja mbele ya muguu yao. Nilifungua macho, nikaona hata haangalie mikono, anaangalia midomo ya wale wamama. Kile kitu, Patience, nilikitafuta miaka mingi mbele ya kidole yangu kukijua. Yeye anacho, na anacho ku mashini. Niliumia kidogo. Kisha nikaacha kuumia.

Ku nyumba, Muzee Hippolyte alinipatia maziwa na kiti ya mugongo. Ule mutu anajua kunyamaza, angekuwa mupiga basse wa kuogopesha. Nikasimama. Nikasema: "Muzee, ile barua ilikuwa michezo ya kwetu. Patience ni mutoto wa mutoto wangu. Baba yake hayuko, nimemukomalisha miye. Ninamuachilia."

Mukia ilikuwa imeshafika ku meno. Nikaimeza na maziwa.

Akasema: "Nimesikia." Nikakaa. Akavuta miwani, akatoa barua yangu ya kwanza mu Biblia, naapa mu Biblia, akaifungua. Akaniuliza, uso yake haichezi hata kidogo: "Na siku ya kijana kupiga wimbo, mukono mu mufuko. Ni siku gani?"

Patience, ulisikia mutu anakohoa sana. Ni miye. Niliweza kujibu tu: "Hapana Muzee. Nilimusikia leo. Mikono yote mbili ibakie inje." Akakunja karatasi. "Tutafikiri," akasema, na akaniletea maziwa ingine.

Njo vile nilirudi na "tutafikiri". Sijui uzito yake. Kwetu "tutafikiri" ni hapana yenye imenawa uso. Kwao sijui. Kama nimekuharibia, nimekuharibia na mudomo yenye ulikuwa unapenda tangu uko mudogo, na sina ingine ya kubadilisha. Élisée ni mutu. Umuambie nilisema vile.

Juma hii sikuenda répétition. Niliwaambia ni magoti.

Koko yako,
Athanase

*

Boga, tarehe 2 mwezi wa sita

Kwako koko wangu Athanase,

Jambo, jambo sana. Uko na afya? Unakula ao unakunywa chai tu? Honoré alimuambia Mama Marie-Claire kama umekonda. Dawa ingine iko ndani ya hii mufuko, na safari hii ni ya magoti ya mutu. Siye wote tuko wazima, na mama ya Élisée anakusalimia.

Nilikasirika muda murefu, sitaficha. Barua yako ya mwezi wa ine niliiweka ku mufuko ya kazi, na nilikuwa ninaisoma ku zamu, kisha sikujua namna ya kuandika. Siku ulisema ile neno sebuleni, nilikuwa nimesimama nyuma ya mulango na sufuria. Sikupata moshi tu. Nilisikia yote, na nilisikia fasi yenye ulinyamaza.

Kisha siku zikapita, Muzee hasemi. Anaenda ku ng'ombe, anarudi, anasali, analala. Élisée aliacha kula muzuri. Siku ya Mungu, ile jumapili iliyopita, tulikuwa ku meza, na Muzee alikuwa anabariki chakula. Alifika katikati, akasimama. Tukangoja. Mabega yake ikaanza kutetemeka. Mama ya Élisée akafungua macho, akamushika mukono, akamuuliza kama ni homa. Akasema: "Ule muzee alikohoa." Kisha akacheka, koko. Élisée anasema tangu azaliwe hajamuona vile. Alicheka mupaka machozi, akatoa miwani, akajaribu kumaliza maombi, akashindwa, mama njo alisema Amina. Ugali ya fufu ikapoa. Wakati alipumua, akamuambia Élisée: "Kesho utenge zile ng'ombe."

Tunakuja Bunia siku ya posho ya pili ya mwezi wa saba. Umuambie Honoré atengeneze lupango, kiwanja ya nyumba, na muchague wimbo yenye wazee wa hapa hawatakimbia.

Kuna kitu moja, na ni ya lazima. Muzee ametayarisha michezo yake ya kukuambia siku ile, mbele ya watu. Anafanya mazoezi ku kraal ya ng'ombe, na jana alitujaribishia siye. Ni ndefu, iko na kondoo ndani, na inaishia fasi yenye hakuna mwenye alijua kama imeisha. Haichekeshe hata kidogo.

Ninakuomba, koko, ucheke.

Bibi yako,
Patience